Bustani imejaa maua, mbona hela haionekani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina bustani ya maua Bunju, Dar es Salaam, nje kidogo ya barabara ya Bagamoyo, mwaka wa pili sasa. Nina viriba (ile mifuko ya nailoni ya kuoteshea) kama 2,000, aina za maua zisizopungua 60. Mwenye kiwanja namlipa 150,000 kwa mwezi, kijana wa kumwagilia 250,000, mlinzi tunachangia na jirani, kwangu inafika 100,000. Maji nanunua boza la lita 10,000 kwa 100,000. Kiangazi naita maboza matatu kwa mwezi. Wateja wanakuja, wanasifia, wanapiga picha, wananunua maua mawili matatu. Kwa mwezi nauza kama 150, na nikijumlisha haifiki 700,000. Rafiki yangu anasema maua ya nje hayalipi, nihamie maua ya ndani, niagize miche kutoka nje ya nchi. Nina akiba ya milioni tatu. Niiweke huko?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hiyo milioni tatu iache ilipo kwanza, tuhesabu.

Kodi 150,000, kijana 250,000, mlinzi 100,000, maji 300,000. Mbolea na dawa hujaniandikia, na sishangai: zinatoka mfukoni elfu tano leo, elfu kumi kesho kutwa, hakuna anayeziweka kwenye daftari. Nitaweka 60,000. Jumla ni 860,000. Gawanya kwa viriba 2,000: kila kiriba kinakula shilingi 430 kwa mwezi, kiwe kimechanua au kimedumaa. Sasa geuza upande wa pili. Unauza 150 kwa mwezi kati ya 2,000, kwa hiyo ua linakaa kwako, kwa wastani, miezi 13 kabla halijapata mwenyewe. Miezi 13 mara 430 ni 5,590, na hapo kiriba, udongo na kipandikizi sijavitia. Unaliuza kwa kiasi gani? 700,000 gawa kwa 150, haifiki hata 4,700. Kila mteja anayetoka getini na ua lako umempa na kama elfu moja juu yake.

Rafiki yako anasema maua ya nje hayalipi. Yanalipa. Duranta, ule mmea wa uzio wenye majani ya njano, ikikaa miezi mitatu imekula 1,290 pamoja na labda 600 za kiriba, udongo na kipandikizi. Ukiiuza 3,000 umepata kitu. Duranta hiyo hiyo ikimaliza miezi tisa imekula 3,870 na zile 600, na mteja bado anataka kukupa 3,000, tena akilalamika kwamba imekuwa ndefu na imepukutika majani ya chini. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwa nini maua yako hayaondoki, wakati Bunju, Madale, Mbweni na Kibaha watu wanajenga kila siku na kila nyumba mpya ina kiwanja kitupu mbele.

Jibu liko kwenye barua yako. Viriba 2,000, aina 60. Kila aina ina viriba 33.

Nakumbuka siku moja nimekaa kwenye bustani ya mzee mmoja Tegeta, tunakunywa kahawa. Akaja fundi wa bustani na kirikuu, akashuka na futi yake mkononi. Hakutazama ua hata moja. Akaweka kiganja juu ya goti: "Mzee, duranta za kimo hiki unazo mia na ishirini?" Alikuwa na uzio wa mita 40, na yeye hupanda mitatu kwa kila mita. Mzee alikuwa nazo arobaini. Akashika simu, akapigia majirani, baada ya saa moja duranta zikafika kwa guta kutoka bustani mbili. Tukazipanga. Za mzee zilifika gotini. Za jirani wa kwanza zilikuwa fupi na za kijani, kwa sababu zilikaa chini ya mwembe, na duranta bila jua kali haitoi ule unjano. Za jirani wa pili zilikuwa ndefu, nyembamba, zinainama. Fundi akatazama ule mstari: uzio wenye vimo vitatu, kama meno ya mtoto wa miaka saba. Akapanda gari akaondoka. Mzee alipoteza mauzo ya laki tatu na nusu kwa dakika kumi, na zile duranta arobaini aliendelea kuzimwagilia mpaka masika yakaisha.

Wewe, dada, umefungua chumba cha maonyesho. Anayekuja kwako ni mtu wa kupamba kibaraza, anataka mawili matatu na picha. Yule wa mia na ishirini akipita anaona rangi nyingi, anajua kwamba hapa hakuna wingi wa kitu chochote, hata hasimamishi gari. Na huyo ndiye anayelipa kodi za bustani zote unazoziona zimedumu kando ya ile barabara.

Shuka hadi aina sita au saba unazozalisha mwenyewe, kwa mamia, kila kundi limepandwa siku moja na kimo kimoja. Kwa kiwanja chako mimi ningeanza na duranta 300, bogenvilia 200, halafu ashoki, krotoni, iksora na deziti rozi mia mia. Hivyo ni viriba 900. Zile aina nyingine hamsini usiziache kabisa, maana zinavuta jicho la mpita njia, lakini chukua mbilimbili kwa wenzako kwa mali kauli: likiuzwa unampelekea chake, lisipouzwa linarudi kwake kumwagiliwa kwa maji yake. Wenzako watakubali kwa sababu na wao watakuja kwako kuchukua duranta.

Nisikudanganye: kupunguza viriba peke yake hakukutoi. Ukishuka hadi 900, maji yanapungua kutoka 300,000 hadi 135,000, lakini kodi, kijana na mlinzi wako palepale. Gharama inabaki 695,000. Nafuu ya kweli inakuja mafundi wakishakuzoea, ukaanza kutoa 300 kwa mwezi. Hata kwa bei ya wastani ya 4,000 hiyo ni 1,200,000. Na kijana wako, ambaye sasa anamaliza nusu siku ameshika mpira wa maji, atapata saa za kufanya kazi ya kitalu: kukata ncha, kusogeza viriba, kung'oa magugu.

Hilo la kusogeza viriba nataka nilieleze, kwa sababu nina hakika bustanini kwako lipo. Kesho asubuhi chagua bogenvilia iliyokaa zaidi ya nusu mwaka, ishike kwa kiriba, inyanyue taratibu. Ukisikia "ta!" kama kijiti kinavunjika, hiyo ni mizizi. Imetoboa kiriba chini, imeingia ardhini, na kwa miezi kadhaa mmea umekuwa ukinywa huko, kiriba kimebaki kama soksi. Mteja anapoununua unamkatia nusu ya mizizi, akifika Mbezi majani yamelegea, baada ya wiki anakupigia kwamba umemuuzia ua bovu. Na ni kweli umemuuzia ua bovu. Dawa yake ni kazi tu: kila wiki mbili au tatu kila kiriba kinyanyuliwe, kizungushwe, kirudishwe. Mizizi inayochungulia inakatika ikiwa bado nywele, mmea haushtuki. Ukitandaza karatasi nene ya nailoni chini na kokoto juu yake utapata nafuu, lakini kusogeza kunabaki.

Sasa mimea yenyewe. Duranta ndiyo mkate wako wa kila siku. Kata vipandikizi vya urefu wa kiganja kutoka kwenye matawi yasiyo laini sana wala magumu sana, kata chini kidogo ya fundo, pukutisha majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu chini ya kivuli. Wiki tatu hadi nne imeshika. Ikishahamishiwa kwenye kiriba na kutoa majani mapya, kata ncha. Ikitoa matawi, kata tena. Watu huonea huruma kukata mmea unaokua vizuri, lakini duranta isiyokatwa ncha inakwenda juu kama mlingoti, na fundi anataka kichaka. Miezi mitatu iwe imeondoka.

Bogenvilia ni mkaidi zaidi. Kipandikizi chake kiwe na unene wa penseli, na usikiguse mwezi mzima, wakati mwingine miwili. Majani yatatoka kabla ya mizizi na utadhani kimeshika. Ukikivuta kukagua umekiua. Mizizi yake ni dhaifu, inakatika kama tambi, kwa hiyo wakati wa kuhamisha usikung'ute udongo. Wengi tunaotesha moja kwa moja kwenye kiriba kitakachouzwa, vipandikizi viwili au vitatu kwa pamoja, tukwepe hiyo hatua. Kisha kuna suala la maua. Kile kinachomvutia mteja ni majani yaliyogeuka rangi; ua lenyewe ni kale kakonyo kadogo keupe katikati. Majani hayo yanageuka mmea ukiwa juani siku nzima na ukisikia kiu kidogo. Kijana mwenye bidii anayemwagilia bogenvilia asubuhi na jioni atakupa bogenvilia za kijani kibichi, nene, nzuri, zisizouzika. Mfundishe kuziruka. Na tenga rangi tangu siku ya kukata kipandikizi, funga utepe kwenye kila kundi. Mtu wa uzio wa zambarau akigundua baada ya miezi miwili kwamba kumi na moja kati yake ni za machungwa, hatarudi kwako hata kwa kukugombeza.

Ashoki huoteshwa kwa mbegu, na mbegu zake hazihifadhiki. Ikikauka imekufa. Popo wanapenda tunda lake. Utazikuta mbegu zimetapakaa chini ya miti iliyokomaa, zimeshamenywa bure. Okota mbichi, otesha ndani ya siku chache. Usinunue gunia la mbegu za ashoki kutoka kwa mtu asiyeweza kukwambia zimeokotwa lini. Krotoni sina la kukufundisha, ukichomeka fimbo yake inaota.

Iksora ina fitina moja. Inapenda udongo wenye uchachu. Mteja akiipeleka kwenye kiwanja cha udongo wa matumbawe, upande wa Kigamboni karibu na bahari au Zanzibar, majani mapya yanakuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, kwa sababu chuma kilichomo udongoni hakipandi. Atakuja kukulaumu. Muulize kabla hujamuuzia: udongo wa kwako ni mweupe? Akisema ndiyo, mpe bogenvilia.

Deziti rozi nimeiweka kwa sababu bei yake ni nzuri na maji haitaki. Lakini inategemea umeipataje. Ya kipandikizi inachanua mapema ila mara nyingi haitoi lile shina nene lililovimba chini, na watu wananunua lile shina. Otesha kwa mbegu. Maganda yake hutoka mawili mawili kama pembe. Yakianza kuwa ya kahawia yafunge kwa uzi kama unavyofunga mzigo, kwani siku yakipasuka kila mbegu ina vishungi vya nywele ncha zote mbili na upepo wa Bunju hautakuachia hata moja. Mbegu mbichi zinaota ndani ya wiki moja. Utomvu wake ni sumu, huko nyuma watu walipakaa kwenye mishale, basi kijana anawe mikono.

Kuhusu udongo. Wengi wetu tunachanganya udongo wa juu sehemu tatu, samadi iliyooza sehemu moja, mchanga sehemu moja, na inatosha. Kiriba cha upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 20 kinameza lita tatu na nusu, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inajaza vitano na kubakiza kidogo. Hesabu kabla hujaita lori. Samadi iwe imepoa kabisa. Ile yenye moto inaunguza mizizi, na kwenye lundo bichi ndimo anamotaga yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi. Pwani tuna kitu kingine ambacho tunakitupa: makumbi ya nazi. Yakisagwa au kukatwakatwa yanashika maji vizuri na yanapunguza uzito wa kiriba, jambo ambalo mwenye kirikuu atakushukuru. Angalizo ni chumvi. Chukua makumbi makavu kwa wauza nazi, yaloweke, mwaga maji, rudia mara mbili tatu. Yale yaliyokuwa yamefukiwa pwani kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba, usiyaguse.

Na chumvi haiko kwenye makumbi tu. Siku ukichoka na maboza utashawishika kuchimba kisima. Kwa ukanda ule, kadiri unavyosogea baharini ndivyo visima vinavyoonja magadi. Kabla hujalipa mchimbaji, omba maji ya kisima cha jirani, mwagilia krotoni kumi kwa mwezi mmoja. Ncha za majani zikiungua rangi ya kahawia, umepata jibu kwa bei ya krotoni kumi. Ni afadhali uweke mifereji kwenye paa la jirani yako na simtanki uvune masika na vuli.

Wadudu nitapita haraka kwa sababu hukuuliza, ila vidung'ata usivipuuze. Ukiona kitu kama pamba kwenye vikonyo vya haibiskasi au krotoni, na sisimizi wanapanda na kushuka, wale sisimizi wanavifuga. Wanakamua utamu wake. Ukiua vidung'ata ukaacha sisimizi, watakuletea wengine. Maji ya sabuni ya kipande, upulizie jioni, chini ya majani, rudia baada ya wiki. Kiriba kilichoelemewa kitoe, choma. Na maua yote ya mali kauli yakae pembeni peke yake wiki mbili kabla hujayachanganya na ya kwako, usije ukanunua ugonjwa bure.

Hapo ndipo tunafika kwenye maua ya ndani na kuagiza nje. Maua ya ndani yanalipa, sikatai, lakini tazama unachotaka kuagiza. Ile zamiokulkasi ambayo watu wa mjini wanaiita ZZ, yenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, inaota porini kuanzia Kenya kupitia kwetu hadi Afrika Kusini. Waholanzi waliichukua wakaanza kuizalisha kwa wingi miaka ya 1990, sasa inaturudia ndani ya chungu cheupe kwa bei ya kuku wawili. Deziti rozi ni ya kwetu. Yale maua madogo ya zambarau yaliyojaa madirishani Ulaya na Marekani ni ya Usambara: ofisa Mjerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake mbegu mwaka 1892, na mwaka uliofuata yakapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Hayo ya Usambara lakini usiyajaribu Bunju, joto litayaua, na porini yamebaki machache, mtu asikuuzie yaliyochimbwa.

Huna haja ya kuagiza. Nunua ZZ kubwa tano kutoka kwa wenzako, zigawanye kwenye viazi vyake, usisubiri jani. Jani moja la ZZ ukilichomeka litatengeneza kiazi, lakini kutoa chipukizi linaweza kuchukua karibu mwaka, na tumeshaona mwaka unagharimu nini. Zile ndimi ndefu zenye ukingo wa njano, sansevieria, nazo zigawanye kwenye shina. Ukikatakata jani lake vipande litaota, ila chipukizi litatoka la kijani tupu, ukingo wa njano haurithiwi na kipande cha jani. Nimewahi kuona mtu na vyungu mia mbili vya kijani akishangaa njano imekwenda wapi. Maua hayo yanataka kivuli, kwa hiyo utanunua neti ya kivuli na nguzo za mita chache za mraba, tuseme viriba 100 hivi kwa kuanzia. Hiyo inatosha kujua wateja wako ni wa ndani kweli au ni maneno ya rafiki. Na ua lililokulia chini ya neti usimpe mtu wa kuliweka juani bila kulizoesha, litaungua siku ya kwanza.

Ukitaka kuagiza siku moja, njia ni kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na cheti cha afya cha nchi inakotoka. Usikubali miche iliyofichwa kwenye sanduku la nguo la mtu anayetoka safari. Kidung'ata wa muhogo hakuwa mwenyeji Afrika. Alikuja kutoka Amerika Kusini, akaonekana Kongo miaka ya 1970, na kabla hajapatiwa adui wake alikuwa amemaliza mihogo ya nchi nyingi. Zanzibar nako, kwa oda za hoteli, wana karantini yao. Ulizia kibali kabla hujapakia boti.

Oda za hoteli zinanikumbusha bei na malipo. Mwenye uzio wa 120 atataka punguzo, mpe, kwa kuwa anakutolea viriba 120 visivyokula tena 430. Usikopeshe. Mimi niliwahi kupeleka iksora 400 kwenye hoteli moja ya ufukweni, nikaambiwa malipo mwisho wa mwezi. Nilizungushwa miezi tisa, kila nikienda meneja yuko kikaoni, na kila nikipita getini iksora zangu zimechanua kuliko nilivyowahi kuzichanusha mimi. Tangu hapo ni nusu kabla ya kukata utepe, nusu kabla gari halijawashwa. Wako watakaoondoka. Waache waondoke.

Bei ya usafiri itaje mwanzoni kabisa. Panga viriba vimebanana ili visilale, funika kwa neti, na safirisha jioni, kwa sababu upepo wa gari mchana unakausha majani kuliko jua.

Kalenda yako iwe masika. Mvua za Machi zikianza, kila mwenye kiwanja anataka kupanda wiki hiyo hiyo. Bogenvilia kata vipandikizi Septemba na Oktoba, duranta Novemba, mwisho wa Februari vyote vimesimama. Anayeanza kuotesha Machi anauza Juni, mvua zimeshakwenda na wateja nao. Desemba kuna msukumo mdogo wa watu wanaopaka rangi nyumba kwa sikukuu. Hao ni wa maua yaliyochanua, vyungu vizuri, bei nzuri, na hapo ndipo deziti rozi zinatoka.

Jambo la barabara: kama meza zako za kuuzia ziko nje ya kiwanja ulichopanga, pima. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipa barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Huko usijenge kitu cha zege wala kuzika bomba. Kiwe kitu unachoweza kukiondoa asubuhi moja.

Kati ya milioni tatu, basi, ningetoa kama laki nane: viriba vipya, lori moja la udongo, makumbi, neti, simtanki moja. Inayobaki ni ya kukuvusha miezi minne mpaka masika, maana mafundi hawatakujua kwa siku moja. Piga picha ya duranta zako 300 zimesimama mstari mmoja, uwapelekee. Wapelekee hiyo ya mstari, ya ua moja lililochanua haitawasaidia.

Umebaki na viriba 1,100 usivyovihitaji. Vilivyo hai na vinavyotazamika vipange mafungu ya kumi kumi, bei ya kutupa, wiki mbili tu, waite wauza maua wa mitaani wenye mikokoteni. Kilichokufa mimina udongo wake kwenye lundo la mboji, usiurudishe kwenye kiriba kabla haujapigwa jua vizuri. Krotoni ndefu zikate vipandikizi. Na zile bogenvilia zilizotoboa viriba usizing'oe, utaziua. Kama mwenye kiwanja anaridhia, chana kiriba hapo hapo zilipo, jazia udongo, ziache ziwe miti mama ya vipandikizi vyako. Mahali zimeshajichagulia.